Mnyama Hajui Bikoni: Namna Majirani Wenye Mashamba Mnavyoweza Kuwasimamia Paa, Funo na Nguruwe Pori kwa Pamoja

Kila vuli inapokaribia, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Mtu amenunua ekari tatu Kisarawe, Mkuranga au Msongola, kapanda mihogo na miche ya mikorosho, mwenyewe anaishi Tabata au Kimara na shamba analiona Jumamosi kwa Jumamosi. Siku moja anafika anakuta miche imekatwa vichwa na tuta zima limepinduliwa. Ni mnyama gani? Naruhusiwa kumpiga? Niweke senyenge? Nitalipwa? Nimeamua kuyapanga majibu kwa hatua, ili usianze kwa kosa nililoanza nalo mimi.

Jibu la kwanza: peke yako hutaweza. Funo, yule mnyama wa vichakani anayefanana na paa ila mkubwa kidogo, analala kwenye kichaka cha jirani wa kushoto, anapita korongoni kwa jirani wa kulia, anakuja kula kwako. Ukizungushia senyenge, umemsukumia jirani. Jirani akifyeka kichaka chake ili apime viwanja, amewasukumia ninyi wote. Na hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Paa na funo huzaa mtoto mmoja mmoja, na mimba yao huchukua miezi sita au zaidi, kwa hiyo idadi yao haiwezi kulipuka ndani ya msimu mmoja. Uharibifu ukiongezeka ghafla, kabla hujasema wamekuwa wengi, uliza ni nani kafyeka au kazungushia uzio hivi karibuni.

Kabla ya kuanza

Sheria ije mbele ya vifaa, kwa sababu ndiyo inayowaingiza watu matatani. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Hati ya shamba inakupa ardhi, haikupi paa aliyesimama juu yake. Kumwinda, kumtega au kukutwa na nyama yake bila kibali ni kosa, hata kama kamaliza kunde zako zote. Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori, na tangu hapo naulizwa sana kama sasa imekuwa ruksa. Si ruksa. Bucha lile lina leseni na nyama yake imepatikana kwa kibali. Mwenye shamba hakuruhusiwa kuchinja anachokikuta kwenye mtego. Vilevile, kumiliki bunduki kihalali hakukupi leseni ya kuwinda.

Wapo wanaosoma habari za Scotland na kuuliza kwa nini sisi tusifanye kama wao. Kule wenye mashamba makubwa ya milimani huunda vikundi vya kuwasimamia kulungu wekundu, kwa sababu kulungu mmoja huvuka mashamba kadhaa, na mbwa mwitu waliokuwa wakiwapunguza walimalizwa karne nyingi zilizopita. Huwahesabu pamoja na kukubaliana kila shamba litapunguza wangapi kwa bunduki. Wanaweza kwa kuwa kwao mnyama wa porini hana mwenyewe, na haki ya kuwinda inakwenda na ardhi. Kwetu haki hiyo haiko kwenye ardhi yako. Lakini nusu ya kwanza ya kazi yao, yaani kukaa pamoja, kuhesabu pamoja na kukubaliana, tunaweza kuifanya kesho asubuhi, na kwa paa na funo nusu hiyo mara nyingi inatosha.

Kwa hiyo mnachosimamia ninyi ni vichaka, uzio, mpangilio wa mazao, mbwa, mitego na kumbukumbu. Kupunguza idadi ni uamuzi wa serikali. Kazi yenu ni kuipelekea ushahidi.

Vifaa ni vya kawaida tu:

- kaunta buku moja ya kikundi, yenye mistari, na kalamu iliyofungwa kwa uzi;
- reki na fagio la chelewa;
- futi kamba;
- simu yenye kamera, na rula ndogo ya shule ya kuweka kando ya nyayo unapopiga picha;
- wavu wa kuku mita nane, kimo cha kifuani, na vigingi vinne vya mti mgumu;
- kopo la rangi ya mafuta kwa ajili ya alama.

Na mtu mmoja anayelala shambani. Huyu ni muhimu kuliko vyote. Wengi wetu wa Dar tunazungumzia wanyama ambao hatujawahi kuwaona, wakati kijana anayelinda shamba anajua saa wanayopita na upenyo wanaotumia. Asipokuwamo kwenye kikundi, kikundi hakina macho.

Hatua ya 1: Chora eneo la mnyama

Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu. Tafuta kichaka kikubwa kilichobaki, korongo, bwawa au kisima cha wazi. Kisha orodhesha mashamba yote yanayogusa kichaka hicho na korongo hilo. Hao ndio wenzako, hata kama mmoja wao hamsalimiani.

Ukubwa unategemea mnyama. Jozi ya paa wadogo wa vichakani hukaa kwenye eneo la hekta chache tu, maisha yao yote, na hulitetea. Kwa hao, majirani watano au sita wanatosha. Nguruwe pori hutembea kilomita kadhaa kwa usiku mmoja, kwa hiyo kikundi cha mashamba sita hakiwezi kumsimamia bila kuzungumza na kitongoji cha pili. Kama unapakana na msitu wa hifadhi, kama wale wanaopakana na Pugu au Kazimzumbwi, hesabu ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu kuwa jirani yako mmojawapo, na umjulishe mhifadhi mapema.

Hatua ya 2: Waite majirani

Usianze na ujumbe wa simu. Nenda kwa miguu. Mimi nilianza kwa mzee ambaye shamba lake ndilo la zamani kuliko yote pale kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kunilalamikia mbuzi?"

"Hapana mzee, nimekuja kuuliza. Zamani hawa paa walikuwa wanapita wapi?"

Alininyooshea mkono kuelekea mstari wa miti ya mikwaju, akanieleza upenyo ambao mimi nilikuwa nimeuziba kwa senyenge miezi mitatu kabla. Sikuwa nimejua. Kikao chetu cha kwanza tulikifanyia chini ya mwembe wake, na kwa sababu yeye ndiye aliyeita, walikuja wote.

Kikao kiwe cha saa moja, na maswali matatu tu: unaona nini, wapi, na saa ngapi? Lawama za nani kafyeka na nani kategesha ziache kwa siku nyingine. Chagueni mwenyekiti, mtunza daftari na mtu wa kupokea simu. Mtunza daftari awe mtu anayelala huko, asiwe wa mjini. Mpelekee taarifa mwenyekiti wa kijiji au wa serikali ya mtaa kwamba kikundi kipo, ili siku mkionekana vichakani asubuhi na mapema mkiwa watu wanane msidhaniwe vibaya. Mkidumu miezi sita, mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri muandikishe kikundi rasmi. Mkiandikisha kabla ya hapo mtachangishana posho za vikao na kuchoka.

Angalizo: mkiwa kwenye ardhi ya kijiji mtasikia habari za Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori. Hizo huundwa na vijiji vinavyotenga maeneo makubwa kwa ajili ya wanyama, kwa utaratibu mrefu wa kisheria. Ninyi wenye ekari tatu tatu hamhitaji kufika huko.

Hatua ya 3: Jueni anayekula ni nani

Hapa chukueni muda. Msimu mzima nililalamikia paa, kumbe zaidi ya nusu ya miche yangu ililiwa na mbuzi wa jirani waliopita upande wa nyuma mchana. Dalili za mbuzi na za paa zinafanana sana, na asiyejua hilo atagombana na mtu asiyehusika, au atamtegea mnyama asiye na kosa.

Anza na mche uliokatwa. Inama, ushike ncha yake, uitazame kwa karibu. Paa, funo, pongo na mbuzi hawana meno ya mbele ya juu. Wanabana jani kati ya meno ya chini na ufizi, kisha wanavuta. Kwa hiyo ncha inabaki imechanika, ina nyuzinyuzi, kama kitambaa kilichoraruliwa. Sungura na jamii ya panya wana meno ya juu na ya chini yanayokutana kama mkasi: ncha inabaki imekatwa safi, kwa mshazari, kama kwa wembe. Kipimo hiki kimoja kinamaliza ubishi mwingi.

Kisha pima kimo. Paa mdogo wa vichakani hafiki juu ya goti lako, na hawezi kula jani lililo kiunoni. Funo anafika juu kidogo. Pongo, ambaye wengine humwita mbawala, ana kimo cha mbuzi mkubwa na hula majani ya kifuani pake. Ukikuta tawi la kimo cha kifua cha mtu limeraruliwa, usimsingizie paa.

Baada ya hapo tazama chini. Ukwato wa paa ni mdogo kuliko kipande cha juu cha kidole gumba chako, una ncha mbili kali zilizokaribiana. Wa pongo ni mrefu kuliko gumba lote la mtoto na umbo lake ni la moyo mwembamba. Wa nguruwe pori ni mpana, ncha zake ni butu, na kwenye udongo laini vidole viwili vya nyuma huacha vidoti. Vinyesi vya paa ni vidogo mfano wa mbegu za papai zilizokauka, na mara nyingi utavikuta vimerundikwa mahali pamoja, kwa sababu paa wana kawaida ya kurudi mahali palepale kama alama ya mpaka wao. Vya pongo vinafanana na vya mbuzi.

Kwenye mihogo mambo ni mengine. Nguruwe pori hupindua eneo pana, tuta baada ya tuta, kama limepitiwa na jembe la haraka, na mashina hubaki yamelala. Nungunungu huchimba shimo la pembeni ya shina moja, akautafuna muhogo ukiwa palepale, na mistari miwili miwili ya meno huonekana wazi kwenye nyama nyeupe ya muhogo. Huenda pia akakuachia mwiba. Panya buku hubeba kipande na kuondoka nacho. Tumbili hung'oa mchana, huuma kidogo na kutupa, kwa hiyo ukikuta mihogo mingi imeumwa kidogo kidogo na imetawanyika, tazama juu ya miti.

Andikeni kila mnachokiona: tarehe, shamba la nani, zao, dalili, mnyama mnayemdhani, na kama hamjui andikeni "hatujui". Picha ipigwe na rula kando yake.

Angalizo: ukiamka alfajiri ukakaa kimya kando ya kichaka, kuna siku utamwona paa mwenyewe. Ametulia tuli, pua inacheza, mkia mdogo unapepea kushoto kulia, kushoto kulia. Usimkimbize. Angalia anaingilia wapi, uandike.

Hatua ya 4: Hesabuni nyayo, msihesabu wanyama

Msijaribu kusema "tuna paa arobaini". Kichakani hamwezi kujua, na mmoja ataonekana na watu wanne. Fanyeni hivi:

1. Chagueni sehemu kumi kwenye mapito yanayojulikana, zikigawanywa kwa haki kati ya mashamba yote.
2. Kila sehemu safisheni kipande cha mita moja kwa mita tatu, kikate njia kwa upana. Ng'oeni majani, legezeni udongo kwa reki, malizieni kwa fagio mpaka uwe laini kama unga.
3. Safisheni vyote saa kumi na moja jioni, siku moja. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja akague vya kwake kwa wakati mmoja na wenzake.
4. Andikeni ni vipande vingapi kati ya kumi vina nyayo za paa, vingapi za funo, vingapi za nguruwe pori, vingapi za mbuzi na mbwa.
5. Rudieni kwa usiku tatu mfululizo.

Mkifanya hivyo mara nne kwa mwaka, kwa mfano Januari, Juni, Septemba na Novemba, ndani ya mwaka wa pili mtaona mwelekeo. Katikati ya masika msijaribu, mvua inafuta kila kitu. Kipindi cha kiangazi, Juni hadi Septemba, ndicho chenye maneno mengi, maana kichaka kinakauka na shamba lenye unyevu linakuwa kivutio.

Angalizo: siku ya kuhesabu isibadilishwe na mtu mmoja kwa sababu zake. Mkikagua siku tofauti, funo yule yule ataandikwa mara tatu na daftari litawadanganya.

Hatua ya 5: Jengeni kiboma cha kulinganisha

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ni cha bei ndogo. Kando ya kichaka pimeni viwanja viwili vya mita mbili kwa mbili, vinavyofanana kwa udongo na kivuli. Kimoja kizungushieni wavu wa kuku na vigingi vinne, na upande wa chini mwingize wavu ardhini kiganja kimoja. Cha pili kiacheni wazi, kiwekeeni alama ya rangi tu. Wanyama hawapendi kurukia ndani ya nafasi ndogo kiasi hicho, kwa hiyo huhitaji uzio mrefu.

Kila miezi mitatu hesabuni miche ya miti inayochipua yenyewe ndani na nje, na pimeni kimo chake. Kama ndani mnaona miche mingi mirefu na nje hakuna kitu, walaji wamezidi uwezo wa kichaka. Kama ndani na nje panafanana, wanyama wenu si wengi, na tatizo la shamba lenu linatoka kwingine. Sisi tuliona panafanana kwa mwaka mzima, na hapo ndipo watu waliokuwa wanataka paa wamalizwe walipoanza kusikiliza.

Hatua ya 6: Kubalianeni kikomo

Kabla ya hasira za msimu, kaeni mseme ni hasara kiasi gani mtaivumilia. Mfano: miche mitano kati ya mia kwa mikorosho, tuta moja kati ya ishirini kwa mihogo. Iandikeni. Ikiwa chini ya hapo, hakuna anayelalamika na hakuna anayefyeka. Ikizidi, kikundi kinakutana ndani ya wiki moja. Kila mmoja aseme mwenyewe, maana mama mwenye nusu ekari ya mihogo ya kula hawezi kuvumilia sawa na mtu wa mjini mwenye ekari kumi za burudani. Kwetu tulikubaliana kwamba mashamba ya chakula ndiyo yazungushiwe uzio kwanza, kwa nguvu kazi ya wote.

Hatua ya 7: Zungushieni mazao, achieni mapito

Zungushia kitalu na bustani, usizungushie shamba zima. Senyenge za nyuzi nne hazimzuii paa, anapita katikati yake, wala nguruwe pori, anayeinua uzi wa chini kwa pua. Kwa nguruwe unahitaji wavu au mabanzi yaliyofukiwa ardhini angalau futi moja. Kwa uzio hai, michongoma ikipandwa mistari miwili kwa kupishana na kupunguzwa mapema inafunga vizuri chini, lakini subirini misimu kadhaa.

Achieni mapito. Kwenye ramani ya hatua ya kwanza chagueni mstari mmoja, kwa kawaida kando ya korongo, upana wa hatua ishirini au zaidi, usiofyekwa na usiofungwa na yeyote. Kila mwenye shamba lililoguswa asaini kwenye daftari. Korongo lenye vichaka pia halimomonyoki mvua zikija, kwa hiyo mwenye shamba hapotezi.

Mihogo na viazi vitamu msivipande vikigusa kichaka. Acheni ukanda mweupe wa hatua kumi, au pandeni kitu wasichokipenda sana, kama pilipili. Nguruwe pori haogopi kuvuka uwazi, ila mlinzi anamwona.

Onyo: usiunganishe kamwe umeme wa nyumba kwenye senyenge. Unaua mtoto wa jirani, au kijana wako mwenyewe. Uzio wa umeme wa mashamba una kifaa chake maalumu kinachopiga kwa mapigo mafupi, na hufungwa na fundi. Sumu nayo usiiweke. Inaua mbwa, kicheche, tai na kunguru, na aliyelengwa mara nyingi ndiye asiyeila.

Hatua ya 8: Mitego, mbwa na mabanda ya nguruwe

Mara moja kwa mwezi piteni kichakani pamoja, mkiwa mmepanga mstari, hatua tano tano kati ya mtu na mtu. Tafuteni vitanzi vya waya, hasa nyaya za breki za baiskeli na za matairi yaliyochomwa, vimefungwa kwenye miti myembamba kimo cha goti au chini yake. Pigeni picha, vitoeni, hesabuni, andikeni. Mkimkuta mnyama hai kanaswa, au amekufa, mpigieni afisa wanyamapori. Msigawane nyama. Nasema hivi nikijua vishawishi vyake, lakini kikundi kilichokula nyama ya mtego mara moja hakitaaminika tena ofisini.

Mbwa wa shamba huua paa wengi zaidi ya tunavyokiri. Wafungeni kuanzia machweo mpaka jua litoke, na wachanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka.

Kama kuna mfugaji wa nguruwe miongoni mwenu, huyu anahitaji uangalizi wa pekee. Nguruwe pori na ngiri wanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuonekana wagonjwa, na wa kufugwa wakiambukizwa huisha banda zima. Binadamu haambukizwi, ila hasara ni kubwa na tiba hakuna. Nguruwe wasizurure, banda liwe na uzio wa pili, na masalia ya nguruwe pori yasiingie kabisa kwenye chakula chao.

Hatua ya 9: Pelekeni daftari ofisini

Nguruwe pori wakizidi kikomo mara mbili mfululizo, hapo ndipo pa kwenda kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya, ambaye anaweza kulifikisha kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Nendeni watu wawili au watatu, si mmoja mwenye hasira. Bebeni ramani, kurasa za vipande kumi, picha zenye rula, idadi ya vitanzi mlivyotoa, na barua yenye saini za wote na mhuri wa kijiji au mtaa. Ombeni jambo mahususi: askari waje wakague, au watoe ushauri wa udhibiti. Nilishawahi kwenda peke yangu na maneno matupu kwenye ofisi moja nikarudi na ahadi. Tulipokwenda na daftari, afisa alilifungua ukurasa kwa ukurasa, akauliza maswali, akapanga siku ya kuja.

Fidia msiijengee bajeti. Kanuni za kifuta jasho za mwaka 2011 ziliandikwa kwa ajili ya madhara ya wanyama wakali. Paa aliyekula kunde haingii humo.

Mambo yakikwama

Jirani mmoja anakataa kujiunga. Endeleeni bila yeye, ila mtumieni matokeo kila msimu na mwacheni asome. Msiweke vipande vya mchanga kwake bila ruhusa. Wengi huja mwaka wa pili, hasa wakiona kiboma.

Shamba limeuzwa na mwenye mpya anafyeka kila kitu. Mwendeeni wiki hiyohiyo, kabla ya trekta kama inawezekana, na ramani mkononi. Mwombeni aache ukanda wa korongo tu. Mtu akiombwa kitu kidogo chenye mipaka husikiliza kuliko akiombwa "atunze mazingira".

Vipande vya mchanga havionyeshi chochote, lakini mazao yanaliwa. Ama vimewekwa nje ya mapito, ama mlaji anakuja mchana. Kaeni shamba kuanzia saa sita mpaka saa kumi siku mbili. Mkiona tumbili au mbuzi, mmepata jibu.

Nguruwe pori wanarudi kila usiku licha ya mlinzi. Wamezoea mlango mmoja wa kuingilia. Badilisheni zamu za kulinda zisiwe za saa zilezile, zibeni upenyo ule kwa mabanzi yaliyofukiwa, na vuneni mihogo iliyokomaa mapema badala ya kuiacha ardhini kama akiba. Usiku msimfuate nguruwe aliyejeruhiwa au aliyebanwa kwenye kona. Anarudi kwa kasi, na meno yake yanachana paja. Kamba za pilipili na mizinga ya nyuki mnazosikia zilibuniwa kwa ajili ya tembo, msizinunue kwa matumaini hayo.

Daftari limesimama miezi miwili. Karibu kila mara aliyeandika kaondoka shambani. Wekeni waandishi wawili, na kila Jumamosi ukurasa upigwe picha na kutumwa kwenye grupu la WhatsApp la kikundi.

Paa wametoweka kabisa. Hili ndilo linalonisumbua zaidi, na huja kimya kimya, kwa kuwa hakuna anayelalamika mazao yakipona. Kwa mnyama anayezaa mtoto mmoja mmoja, vitanzi vichache kwenye kichaka kimoja vinatosha kumaliza jozi zote zilizomo. Fanyeni msako wa mitego wiki tatu mfululizo, fungeni mbwa kila usiku, na hakikisheni mapito ya korongo hayajazibwa na ukuta wa mtu. Kisha tafuteni marundo ya vinyesi mahali yalipokuwa zamani. Mkikuta rundo jipya, vipunje vikiwa bado vina unyevu na vinang'aa, tieni alama ya rangi kwenye mti wa karibu, andikeni tarehe, na msifyeke hata tawi hapo mpaka masika yapite.